Upele Nyuma ya Masikio

Mtaani walimwita Mama Vidole. Mgeni akilisikia jina hilo huuliza, "Na huyo Vidole mwenyewe yuko wapi? Ni wa kike au wa kiume?" Watu hucheka. Vidole si mtoto. Vidole ni vile kumi alivyozaliwa navyo, ambavyo vikishika kichwa havitulii mpaka kazi iishe. Alikuwa msusi. Walisema anaweza kusuka huku anasinzia, na mstari usipinde.

Hakuwa na duka. Alisukia uani, chini ya paa la mabati alilojengewa na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Palikuwa na benchi la wanaosubiri, kiti chake kifupi, na mkeka. Mtoto alikaa mkekani akampa mgongo, kichwa katikati ya magoti ya msusi. Akimaliza kila kichwa, Mama Vidole alikipiga picha kwa simu, nyuma na pembeni, ili mteja mwingine apate mtindo wa kuchagua.

Wiki ya mwisho ya likizo ilikuwa wiki yake ya mavuno. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Kila mama alitaka binti yake aingie darasani akiwa nadhifu. Benchi lilijaa tangu asubuhi, na waliokosa nafasi walikalia ndoo walizozipindua.

"Mama Vidole, wangu ni wa ngapi?"

"Wa nne, dada. Akilia, wa saba."

Mtoto wake mwenyewe, kitinda mimba wa miezi minane, alikuwa ndani na bibi yake. Meno yalikuwa yanamtoka. Alisumbua usiku na mchana, kwa hiyo mama mkwe alijifungia naye chumbani akimbembeleza, ili msusi afanye kazi.

Jumatatu, kichwa cha kwanza kilikuwa cha binti wa fundi cherehani. Mtoto alikohoa. Macho yake yalikuwa mekundu, na kamasi zilimtoka.

"Ana nini huyu?" Mama Vidole aliuliza.

"Vumbi tu," mama yake alijibu. "Jana tulifagia stoo."

Mama Vidole akaanza kugawa nywele. Kichwa kilikuwa cha moto. Alipofika nyuma ya sikio, vidole vyake vilikutana na kitu kama punje za mchanga. Aliinama kutazama. Kwa macho hakuona mengi. Vilikuwa vipele vidogo sana, rangi yake karibu sawa na ngozi. "Joto hili," alijisemea. Akapaka mafuta, akasuka, akapiga picha, akaita mwingine.

Jumanne alikuja Mama Pacha na mabinti zake wawili. Mmoja alicheka na kurukaruka. Mwenzake alijikunyata. Na kichwa chake kilikuwa cha moto, na nyuma ya masikio yake palikwaruza vilevile. Jumatano asubuhi alikuja wa tatu, binti wa muuza mkaa. Mchanga uleule.

Jumatano mchana, Mama Pacha alirudi. Hakubisha hodi. Alimvuta mtoto mpaka katikati ya ua na kumfunua shingo.

"Tazama! Tazama ulichomfanyia mwanangu!"

Vipele vilikuwa vimeshuka. Vilijaa usoni, shingoni, vikaingia kifuani. Mtoto alifumba macho kwa sababu mwanga ulimuumiza.

"Mafuta yako hayo!" Mama Pacha alisema. "Nimesikia unachanganya mwenyewe siku hizi. Umemuunguza mwanangu!"

Benchi zima likageuka kumtazama msusi. Ni kweli Mama Vidole alikuwa anachanganya mafuta mwenyewe. Alianza Jumapili iliyopita tu, mafuta ya nazi na manukato kidogo kutoka duka jipya.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Sikukusudia."

"Samahani haiponyi ngozi!" Mama Pacha akambeba mtoto, akaondoka.

Jioni, Mama Vidole alichukua chupa zote za mafuta akazimwaga kwenye shimo la taka. Mumewe alisimama akimtazama, mikono kiunoni.

"Umemwaga. Basi, yameisha," alisema. "Nunua mengine, fanya kazi, nyamaza. Ukianza kutangaza habari za upele, kesho benchini atabaki paka."

"Hatuna paka."

"Basi hata paka hatakuwapo."

Mama Vidole alitabasamu kidogo, lakini moyo wake haukutulia. Wasichana watatu, siku tatu. Mafuta yale alikuwa ameyapaka pia kwenye vichwa vingine zaidi ya ishirini. Mbona vile ishirini havikutoka vipele?

Alhamisi jua lilikuwa kali, na chumbani palikuwa kama tanuri. Mama mkwe akatoka na mjukuu wake, akamkalisha kwenye ukingo wa mkeka apate upepo. Zamu ilikuwa ya binti wa mlinzi wa ghala. Familia yake ilihamia mtaani miezi michache iliyopita, na hakuwahi kusukwa pale. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zimeoshwa kwa sabuni, kavu kama nyasi za kiangazi.

Mtoto akakohoa. Mama Vidole akaweka mkono. Moto. Akapeleka vidole nyuma ya masikio, polepole, kama mtu anayeogopa kufungua barua.

Mchanga.

"Mwanangu," aliuliza, "hizi nywele zilipakwa mafuta lini?"

"Hazijapakwa," mtoto alijibu. "Mama alisema wewe ndiye utapaka."

Mama Vidole aliweka kitana chini. Kama huyu hakuguswa na mafuta yake, basi si mafuta. Na kama si mafuta, ni nini?

Mama mkwe alikuwa amesikia. Aliinuka, akamwinua mtoto uso, akamtazama macho. Halafu alimnyanyua mjukuu wake kutoka mkekani, akampeleka ndani, akafunga mlango. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine. Alimshika mkwewe mkono, wakasogea kando, karibu na tangi la maji.

"Kabla ya mumeo, nilikuwa na mtoto wa kike," alisema. "Alianza hivi hivi. Kikohozi, macho mekundu, vipele nyuma ya masikio. Ni ukambi. Siku ya tisa hatukuwa naye."

"Mama! Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ungelifanyia nini? Nilizika, nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Lakini sikiliza. Mwaka ule wagonjwa walikuwa wengi, nasi hatukujua. Kila mtu alifunga mlango wake. Huyu akasema ni joto. Yule akasema ni vumbi. Mwingine akasema ni jicho la jirani. Kila nyumba ilijua ya kwake, hakuna aliyejua ya wote. Tulikuja kukutana makaburini, tukaulizana, kumbe na wewe? Kumbe na wewe?"

"Sasa wewe," mama mkwe akaendelea, "vichwa vya nyumba nne vimepita mikononi mwako. Unajua ya zote nne. Utanyamaza kama mimi?"

Mama Vidole alirudi uani. Benchi lilikuwa limejaa. Aliwatazama wale kina mama, na ndoo zao, na watoto wao. Alijua siku ya kazi inakwenda. Alijua na maneno yatakayosemwa.

"Jamani," alisema, "leo nasimamisha kazi. Nimeshika vichwa vyenye homa siku nne mfululizo. Huenda ni ugonjwa wa kuambukiza. Sijui kwa hakika, mimi si daktari. Lakini sitaki watoto wenu wakae hapa wamebanana mpaka nimeuliza wanaojua."

"Vichwa vya nani?" mmoja alidakia.

"Hilo nitamwambia mtu wa afya. Si la benchini."

Wengine waliguna. Mmoja akasema, "Si useme tu umechoka." Lakini waliinuka, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka. Mama Vidole alimwendea mke wa mlinzi, mama wa yule mtoto, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe mrudishe mtoto nyumbani kwanza. Mpe maji anywe. Asicheze na wenzake. Nitakuletea mtu sasa hivi."

Mtu aliyemkusudia alikuwa nyumba ya tatu, kichwa kikiwa chini ya sinki. Walimwita Buti, kwa sababu alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi. Kazi yake ya kumpa mkate ilikuwa ufundi bomba. Lakini pia alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alichaguliwa na mtaa, akafundishwa na kituo cha afya, na alizunguka nyumba hadi nyumba na daftari lake ndani ya mfuko wa spana.

"Kaka Buti, toka huko. Nina jambo."

"Limevuja?"

"Limevuja, lakini si bomba."

Buti alitoka, akajifuta mikono, akasikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza. Kisha akauliza, "Homa?"

"Wote wanne."

"Kikohozi, mafua, macho mekundu?"

"Wote."

"Upele ulianzia wapi?"

"Nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele. Wa Mama Pacha umeshashuka kifuani."

Buti alitoa daftari. "Dada, hizi ni dalili za surua. Ndiyo hiyo mama mkwe anayoiita ukambi. Sisemi ndiyo yenyewe, maabara ndiyo itakayosema. Lakini hatungoji maabara ndipo tutoe taarifa. Mgonjwa mmoja tu mwenye dalili hizi anatosha kunifanya nipige simu. Wewe umeniletea wanne."

"Niliogopa," Mama Vidole alikiri. "Tangu Jumatatu nimeyashika haya. Nilidhani mpaka niwe na uhakika. Ningesema nini mimi, msusi?"

"Hukutakiwa kutaja ugonjwa. Ulitakiwa kusema ulichokiona tu. Umeona nini, kwa watu wangapi, wanakaa wapi, tangu lini. Basi." Akaonyesha ukuta kwa spana. "Bomba likipasuka ndani ya ukuta, kwanza unaona unyevu kidogo. Ukiniita siku hiyo, natoboa tundu moja. Ukingoja maji yafike barabarani, navunja jiko zima. Kazi yetu ndiyo hiyo, kutafuta unyevu. Tuna watu zahanati, shuleni, kwenye maduka ya dawa. Kila mmoja anaona kidogo. Vikikusanywa mahali pamoja, ndipo inaonekana kama kuna mlipuko."

"Na watajua kuwa ni mimi niliyesema?"

"Taarifa ni siri. Ila wewe umeshasema mbele ya benchi zima," Buti akacheka. "Ndiyo maana nakuheshimu."

Alipiga simu palepale, akiwa amesimama ndani ya mabuti yake kwenye maji yaliyomwagika. Alitaja idadi, umri, mtaa na siku. Hakutaja jina la mtoto hata mmoja kwa sauti. Majina aliyaandika.

Ijumaa, kabla jua halijapanda, pikipiki ilisimama mlangoni, na Buti akaja nyuma yake kwa miguu. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mfupi, kofia ngumu kichwani, na sanduku la barafu limefungwa nyuma. Alikuwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa. Alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, akakaa kwenye benchi kama mteja.

"Nani anayeitwa Mama Vidole?"

"Ni mimi. Naambiwa nimeunguza watoto kwa mafuta."

"Mafuta hayo umeanza kuyatumia lini?"

"Jumapili iliyopita."

Afisa akatikisa kichwa. "Kirusi cha surua kikiingia mwilini, upele hautoki kesho wala keshokutwa. Hupita karibu wiki mbili. Watoto hawa walikipata kabla hujanunua hata chupa. Mafuta yako hayana kesi."

Mama Vidole alihisi mzigo ukimshuka mabegani. Alitaka kucheka, alitaka kulia. Badala yake alileta chai.

"Sasa nisaidie," afisa alisema. "Katika siku kumi hizi, ni mtoto gani mwingine alikuja akiwa anaumwa? Jaribu kukumbuka."

"Vichwa ni vingi, dada yangu. Ila nina picha."

"Picha gani?"

Mama Vidole akafungua simu. Kila kichwa kilikuwamo, nyuma na pembeni, na tarehe yake. Afisa aliacha kikombe. Walikaa bega kwa bega, wakapitia picha moja moja. Kwenye picha ya Jumatatu, vipele vya binti wa fundi cherehani vilionekana vizuri kwa mtu anayejua pa kutazama. Kwenye picha ya Jumamosi ya nyuma yake, mtoto mwingine alionekana kwa pembeni, jicho limevimba, jekundu. Mama Vidole alikuwa amemsahau kabisa. Huyo alikuwa wa tano.

"Na nyote mnaelewa," afisa alisema, "picha hizi hazitoki hapa. Naandika ninachohitaji, basi."

Wakaanza kuzunguka. Buti alitangulia, akibisha hodi. Katika kila nyumba afisa aliuliza maswali yaleyale. Upele ulianza lini? Wiki mbili kabla ya hapo mtoto alikuwa wapi? Alikaa na nani? Aliomba kadi ya kliniki, akatazama chanjo. Alichukua damu kidogo, akaiweka kwenye sanduku la barafu. Alimpa kila mgonjwa matone ya vitamini A, kwa sababu surua hupenda kuharibu macho.

Katika nyumba ya tatu waliyoingia, jibu lilijitokeza. Kwa maelezo ya mama wa nyumba hiyo, wote watano walikuwa wanasoma masomo ya likizo katika chumba kimoja, chumba kidogo chenye dirisha moja. Na wiki mbili nyuma, mtoto mmoja aliyekuja likizo kutoka mbali alikaa nao siku mbili akikohoa, kisha akarudi kwao.

"Surua husafiri kwa hewa," afisa aliwaeleza wazazi. "Mgonjwa akikohoa na kutoka chumbani, bado kirusi hubaki hewani kama saa mbili. Na huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kuonekana. Ndiyo maana kusubiri ni hatari."

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa imefungwa. Buti alibisha. Alibisha tena.

"Nendeni!" sauti ilisema kutoka ndani. "Mmekuja kunitangaza mtaani. Mtoto wangu anapumzika gizani mpaka vipele viishe kutoka."

Mama Vidole alisogea mbele. "Dada yangu, ni mimi."

"Wewe hasa sikutaki!"

"Una haki. Lakini nisikilize hapo hapo ulipo. Mtoto anapumuaje?"

"Anapumua haraka," Mama Pacha alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tangu alfajiri. Mbavu zinaingia ndani. Na maji hataki."

"Basi fungua. Nitukane baadaye, nitakuwapo."

Kitasa kikazunguka.

Afisa hakuhitaji kumtazama mtoto muda mrefu. "Surua imeshuka mapafuni. Anahitaji hospitali sasa hivi, si kesho." Alipiga simu gari lije, na akawaambia hospitali wamwandalie chumba cha peke yake. Walipokuwa wakingoja, Mama Pacha alitoa kadi mbili za kliniki. Kadi ya pacha mmoja ilikuwa na alama mbili za chanjo ya surua. Ya mwenzake palikuwa patupu.

"Siku ile huyu alikuwa na homa," Mama Pacha alisema, machozi yakimtoka. "Nikasema nitarudi naye wiki ijayo. Nikawa nasema nitarudi, nitarudi."

Hakuna aliyemlaumu. Mama Vidole alimbeba yule pacha mzima kiunoni. "Huyu nitakaa naye," alisema. "Wewe nenda na mgonjwa."

Kabla ya kuondoka, afisa alirudi uani kwa jambo moja zaidi. "Mtoto wako mdogo. Alikaa karibu na mgonjwa?"

"Jana tu, mkekani. Siku nyingine alikuwa chumbani na bibi."

"Bado tuko ndani ya siku tatu. Kwa kawaida chanjo hii huanza miezi tisa. Lakini palipo na mlipuko, wa miezi sita na kuendelea hupewa dozi ya mapema. Haihesabiwi. Akifika miezi tisa atapata ya kwanza, kisha ya pili kwa wakati wake. Mlete kituoni leo."

Mama mkwe hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikuwa ameshamfunga mjukuu mgongoni.

Majibu ya maabara yalikuja Jumatano iliyofuata. Ilikuwa surua. Lakini Jumatano hiyo haikumkuta mtu amelala. Wagonjwa, ukimwacha aliyelazwa hospitalini, walikuwa nyumbani, kila mmoja akikaa siku nne kamili baada ya upele kutokea. Mwalimu mkuu alikuwa amekubali kadi zikaguliwe langoni siku ya kwanza ya shule. Chumba cha masomo ya likizo kilifungwa. Alhamisi, wauguzi waliweka meza mbili shuleni na moja uani kwa Mama Vidole, palepale penye benchi. Mumewe alichomelea haraka kizuizi cha vyuma ili foleni isivurugike.

"Nilisema atabaki paka," alimnong'oneza mkewe, akitazama foleni iliyofika barabarani.

"Basi tafuta paka," Mama Vidole alijibu, "maana watu wamejaa."

Wagonjwa walifika kumi na watatu, hawakuzidi. Baada ya wiki sita bila mgonjwa mpya, afisa alitangaza kwamba mlipuko umekwisha. Mtoto wa Mama Vidole hakupata hata kipele kimoja. Alipata meno mawili. Na binti wa Mama Pacha alitoka hospitalini baada ya siku sita, amekonda, anadai uji.

Mama Pacha mwenyewe alikuja uani jioni moja, akasimama mbele ya benchi lilelile alikotukania.

"Nilisema maneno mbele za watu," alisema. "Basi na haya nayasema mbele za watu. Ungenyamaza, leo ningekuwa na pacha mmoja."

Mama Vidole alimsogezea kiti.

Toka wakati ule mambo yalibadilika. Buti aliwakusanya watu wengine ambao kazi zao huwakutanisha na wengi: muuza dawa, kinyozi, mwalimu wa chekechea, mwenye genge la mboga. Aliwafundisha dalili chache za kuangalia na namba moja ya kupiga. Kuhara kwa ghafla kwa watu wengi. Homa na upele. Mtoto anayelegea mguu au mkono ghafla. Wanyama wanaokufa ovyo. Mama Vidole naye aliweka utaratibu wake. Mtoto akifika, kwanza anaguswa kipaji. Mwenye homa harudishwi kwa aibu. Hupewa zamu ya wiki nyingine, na mama yake huelekezwa kituoni.

Miezi mitatu baadaye, vidole vyake vilikutana tena na vipele shingoni mwa mtoto. Homa haikuwa wazi, lakini hakutaka kubahatisha. Alimwambia Buti, Buti akapiga simu, na mchana pikipiki ikasimama mlangoni. Afisa alimkagua mtoto mbele, nyuma, kinywani na machoni. Kisha akacheka.

"Hili ni joto, Mama Vidole. Joto halisi. Mvueni hilo sweta."

Mama Vidole aliona haya mpaka masikio yakamchoma. "Nisamehe, dada. Nimekutoa mbali kwa upele wa jasho."

"Usiombe msamaha," afisa alisema. "Wewe ukinyamaza mara moja kwa aibu, siku hiyo ndiyo itakuwa ya kweli. Afadhali nije mara kumi nikute joto, kuliko nije mara moja nikute msiba. Nitaandika: taarifa imepokelewa, imechunguzwa, hakuna ugonjwa. Hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote ninayoandika."

Alitazama saa yake, akatazama na benchi. Lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akavua kofia yake ngumu. Nywele zilizokuwa chini yake zilitisha.

"Mama wa watu!" mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Na wewe ndiye unayekagua wenzako?"

Afisa alicheka mpaka akashika benchi. Kisha akaketi kwenye mkeka, akampa mgongo msusi, akainamisha kichwa. Mama Vidole aliweka kiganja kwenye kipaji chake kwanza. Kilikuwa cha baridi. Akachukua kitana, akaanza kugawa.

"Mistari mingapi, dada?"

"Yoyote," afisa alisema, akifumba macho. "Leo sina haraka."